Tangi la sikilidi Bukavu: ugomvi, mawe na umeme unaokatika

Mwenye tangi la samaki wa Tanganyika hapa Bukavu hakawii kutuma ujumbe wa namna hii: "Yaya, yule mweusi ameua tena. Nimtoe?" Wenye haraka humjibu amtoe. Walioshinda kwenye video za Ulaya na Marekani humwambia kinyume: mwache, ongeza wengine, jaza tangi hadi mkali asijue amfukuze nani. Kila jibu lina ukweli wake, na kila moja limeshaua samaki, kwa sababu hakuna aliyeuliza kwanza ni ugomvi wa aina gani. Hilo la kujaza lina kasoro ya ziada. Lilitungwa na watu ambao umeme wao haukatiki.

Tuanze na wenyewe wanaopigana. Tilapia anayeuzwa sokoni Nyawera ni sikilidi. Kuhe wa Uvira, mmoja wa sikilidi wakubwa kabisa duniani, ni sikilidi. Na kale kasamaki kenye mistari, Neolamprologus multifasciatus, kasikofika sentimita 5 na kanakoishi ndani ya kombe tupu la konokono, nako ni sikilidi. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya 200 za ukoo huu, na karibu zote hazipatikani kwingine. Kinachowaunganisha kitabia ni malezi. Sambaza, yule dagaa wa hapa Kivu, humwaga mayai majini akaenda zake. Hana cha kugombea. Sikilidi hulea. Wapo wanaotaga jiweni au pangoni na kusimama mlangoni usiku na mchana, na wapo ambao jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa majuma. Anayelea anahitaji mahali, na mahali pazuri ziwani hapatoshi wote.

Mpaka usiovukika

Mchukue Tropheus, hasa wale weusi wenye mkanda wa rangi ya chungwa wanaotoka upande wetu wa ziwa, kusini ya Uvira. Chakula chake ni utando wa mwani unaoota juu ya mawe, karibu na uso wa maji penye jua. Mwenye jiwe ana chakula, na kwa Tropheus si dume tu anayelinda jiwe. Jike naye ana lake. Mwingine akisogea, mwenyewe humgeukia ubavu, hutanua mapezi, hutikisika, hufunua mashavu. Mara nyingi mgeni huondoka hapohapo. Asipoondoka hufukuzwa, na akishavuka mpaka mwenye eneo hugeuka na kurudi kula. Vitisho vyote vile vipo ili jambo liishe bila damu, maana hata mshindi akitoka na jeraha yuko hatarini.

Sasa watie ndani ya vioo. Tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, ambalo kwa nyumba nyingi za hapa ni kubwa, lina sakafu ya mita ya mraba 0.6 tu. Dume mmoja anaweza kuimiliki yote. Aliyeshindwa anakimbia, anafika kiooni, anasimama. Yeye ameondoka kadiri alivyoweza. Kwa macho ya mwenye eneo, bado yumo. Basi anafukuzwa tena, na tena, hadi magamba yanapukutika na mapezi yanachanika. Ukali wa dume haujazidi ule alio nao ziwani. Kilichokosekana ni mwisho wa ugomvi. Wana Bukavu tunaijua hali hii kwenye migogoro ya parseli: jirani mwenye pa kuhamia huhama, asiye na pa kuhamia hupigana kila asubuhi kwenye ukuta uleule.

Ukishaelewa hilo, unaelewa pia kwa nini kubadilisha tangi dogo kwa lingine kubwa kidogo kunakatisha tamaa. Ron Oldfield, mtafiti wa Marekani, alipima ukali wa sikilidi wachanga aina ya Midas, wenye asili ya Nikaragua, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011. Kuongeza idadi kidogo au nafasi kidogo hakukubadilisha kitu cha maana. Ukali ulipungua pale mazingira yalipokuwa makubwa hasa na yenye vizuizi vingi vinavyokaribiana na hali ya asili. Kutoka lita 80 kwenda lita 120, basi, huenda umenunua kioo tu.

Ukimtoa mtawala

Ugomvi wa eneo ni mmoja. Wa pili ni wa ukubwa: nani atangulie, nani ampishe nani. Mfano wake bora ni Astatotilapia burtoni, anayeishi Tanganyika na kwenye midomo ya mito inayoingia ziwani. Dume mwenye eneo ana rangi kali na mstari mweusi unaopita jichoni. Dume asiye na eneo amefifia, anaogelea na majike kana kwamba ni mmoja wao. Mtoe mtawala uone: ndani ya dakika chache mmoja wa wale waliofifia anapata rangi, mstari unajitokeza, anaanza kufukuza. Russell Fernald na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba hata ubongo hubadilika. Seli zinazoendesha homoni za uzazi hukua dume anapopanda daraja.

Kundi hilohilo lilichapisha mwaka 2007 jaribio ambalo kila mfugaji angepaswa kulikumbuka. Dume aliyetazama tu wengine wakipigana aliweza kukisia nani mkubwa wa nani, hata kwa wawili ambao hajawahi kuwaona wakikutana. Samaki waliotulia pembeni wanahesabu.

Kwa hiyo yule aliyeuliza "Nimtoe?" anatakiwa ajue kwamba anachofanya ni kutangaza nafasi ya kazi. Wakati mwingine anayeichukua ni mpole zaidi. Wakati mwingine ni mbaya kuliko aliyeondoka, kwa kuwa anaanza upya kuthibitisha kwa kila mmoja. Kinachofaa zaidi ni kumtenga mkali kwa wiki moja au mbili, ukihamisha mawe akiwa hayupo, kisha kumrudisha. Anarudi kama mgeni: eneo lake halipo, na waliobaki wameshapangana bila yeye. Si dawa ya uhakika, lakini inagharimu ndoo na subira tu.

Ugomvi wa tatu ni wa wazazi, na huu hauna mazungumzo. Neolamprologus brichardi, mwenye mapezi marefu kama uzi, anauzwa kama samaki mpole, na kweli ni mpole hadi siku anapotaga. Watoto wa mzao wa kwanza hawaondoki. Hubaki wakisaidia kulinda wadogo zao, na mzao wa pili vivyo hivyo. Ni mpango mzuri sana kuutazama, na wanasayansi wameutazama kwa miongo mingi. Ila katika lita 200, baada ya miezi michache, ukoo mzima unasonga mbele kwa pamoja, na samaki wa aina nyingine wanaonekana wamejibana juu kabisa kwenye bomba la kichujio. Ushauri wangu kwa brichardi ni mmoja: wape tangi lao peke yao, au usiwachukue.

Lipo na jambo la kufanana. Sikilidi humwandama zaidi anayemwona kuwa mshindani, na mshindani ni yule wa aina yake, au mwenye rangi na umbo kama lake, au anayekula anachokula. Ndiyo maana madume wawili wa manjano wa aina tofauti wanaweza kuuana huku samaki mwembamba wa buluu akipita katikati yao bila kuulizwa.

Mtazame anayekimbia

Wengi wetu humtazama mkali, kwa sababu ndiye mwenye rangi na mbwembwe. Habari zote ziko kwa yule mwingine. Samaki wawili wanaoshikana midomo, wakisukumana huku na huko, wanatisha kuwaona, lakini bado wanazungumza: nguvu zao zinakaribiana na mmoja atakubali. Waache, ila usiende mbali. Hatari ni kufukuza kusiko na jibu. Ukiona samaki amebana mapezi, rangi imemtoka, anakaa pembeni juu karibu na hita au nyuma ya bomba, na wakati wa chakula hashuki, huyo hana siku nyingi. Huenda hata hana jeraha. Hofu isiyoisha inatosha kumzuia kula na kumshusha kinga, na ugonjwa wa kwanza unaopita utamchukua. Watu husema "alikufa tu ghafla". Hakufa ghafla.

Jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kutoa au kuongeza yeyote, ni mawe.

Chuchumaa upande mmoja wa tangi, macho yawe usawa wa sakafu. Ukiona kioo cha upande wa pili, dume naye anakiona, na kila kilicho katikati ni chake. Rundika mawe katika vilima viwili au vitatu vinavyopanda hadi karibu na uso wa maji, na kati yake uache bonde. Lengo ni kukata macho: anayekimbia akizunguka kilima awe ametoweka. Hapo ule mwisho uliokosekana unarudi. Mapango yawe na milango miwili, kwa sababu pango la mlango mmoja ni mtego; mkali husimama mlangoni na aliyeingia hatoki. Vyungu vilivyovunjika mdomo na vipande vya bomba la plastiki vinafanya kazi sawasawa na mawe, ingawa havipendezi. Panga mawe juu ya kioo cha chini, ukitanguliza karatasi nene ya plastiki, ndipo umwage mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, sikilidi watachimba na kilima kitawaangukia.

Mawe ya lava yanayoletwa kutoka Goma ni mepesi, hayabebeshi tangi mzigo, na yana matundu mengi ambamo bakteria wazuri hukaa. Lakini yana makali. Samaki anayefukuzwa kwa kasi anajichana ubavu humo, nawe utamlaumu dume bure. Geuza pande kali zitazame ndani, au weka lava chini na mawe laini ya mviringo juu.

Kuhamisha mawe ni silaha nzuri unapoingiza wageni: mipaka inafutika, wenyeji na wageni wanaanza pamoja. Silaha hiyo ina ncha mbili, hata hivyo. Julidochromis, wale warefu wenye mistari wanaoishi wawili wawili kwenye nyufa, wanaweza kuachana ukiwagusia jiwe lao, na wakiachana mmoja humuua mwenziwe. Kwa Julidochromis jiwe likishakaa, limekaa.

Kujaza tangi na hesabu ya SNEL

Sasa lile jibu la pili. Msingi wake ni wa kweli. Kulinda eneo kunagharimu nguvu, na wavamizi wakizidi mno, kulinda hakulipi. Dume hukimbiza huyu nusu njia, anamwona wa pili, anaacha. Mateso yanagawanyika kwa wengi badala ya kumshukia mmoja. Ndiyo sababu Tropheus 5 ni balaa kubwa kuliko 20. Katika 5, mkubwa anamaliza wanyonge mmoja baada ya mwingine hadi abaki yeye na wa pili wake. Na samaki 3 wa aina yoyote yenye ukali ni idadi mbaya kuliko zote: wawili hupatana, wa tatu hulipa.

Lakini samaki 20 wanakula na kunya kama 20. Maji ya Tanganyika ni ya alkali sana, pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu na 9, na hapo ndipo hesabu inapokuwa mbaya. Amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki ina sura mbili, moja ya sumu na moja isiyo na madhara makubwa. Katika nyuzi 25 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Katika nyuzi hizohizo na pH 9, ni zaidi ya theluthi. Uchafu uleule ambao tangi la kawaida lingeuvumilia, hapa unaua.

Ongeza na mwinuko. Bukavu iko juu ya mita 1,460, hewa ni nyepesi, na maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni kabisa yanabeba takriban miligramu 7 kwa lita, ilhali usawa wa bahari yangebeba 8 na zaidi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika usiku, pampu imesimama, samaki 20 wanaigombea oksijeni hiyohiyo pamoja na bakteria wa kichujio. Kichujio cha mkebe uliofungwa ni kibaya zaidi, kwa kuwa bakteria walio ndani hukosa hewa, na umeme ukirudi alfajiri kinatapika maji yaliyooza ndani ya tangi. Asubuhi unakuta maiti nane na kusema walipigana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayeishi hapa asiye na betri ya akiba au pampu ya hewa ya betri asitumie wingi wa samaki kama dawa ya ukali. Atumie mawe na uchaguzi wa aina. Mwenye akiba ya umeme, tangi la lita 300 na moyo wa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, huyo ajaribu kundi la Tropheus 15 hadi 20, akiwatia wote siku moja wakiwa wachanga. Kichujio cha sifongo kinachosukumwa na hewa ni cha bei nafuu na ndicho kinachovumilia kukatika kwa umeme vizuri kuliko vingine.

Kuhusu maji yenyewe tuna bahati ambayo hatuisemi. Sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka Tanganyika huletwa na Ruzizi, na Ruzizi hutoka Kivu, hapa hapa mjini. Maji ya Kivu ni ya alkali kama wanavyotaka samaki hao. Tatizo ni ufuo wetu jinsi ulivyochafuka. Ukichota, chota mbali na midomo ya mifereji, na uyaache yatulie kwenye bidoni kwanza.

Nani akae na nani

Gawa tangi kwa kimo. Cyprichromis leptosoma ni samaki wa kundi anayeogelea katikati na juu, hana haja na mawe wala sakafu. Nane au kumi kati yao wanapopita juu kwa utulivu, samaki wa chini nao huona hakuna hatari na hutoka mafichoni. Funika tangi, wanaruka. Kwenye mawe upande mmoja weka Julidochromis wawili waliokwisha kupatana. Kwenye mchanga upande wa pili mwaga makombe ya konokono na utie multifasciatus sita; wataanzisha kijiji chao, na eneo la kila mmoja halizidi kiganja. Mpangilio huo ndio ningempa mtu yeyote mwenye tangi la sentimita 120 na umeme wa kubahatisha.

Anayeng'ang'ania Tropheus bila kundi kubwa amfikirie Tropheus duboisi, yule ambaye akiwa mchanga ni mweusi mwenye vidoa vyeupe. Ziwani huishi chini zaidi na hakusanyiki kwa wingi kama ndugu zake, na kwa ukali yuko nyuma yao. Georges Marlier, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Uvira, ndiye aliyemwandika kwa sayansi mwaka 1959; jina lake mwenyewe amepewa Julidochromis marlieri. Tunanunua samaki hawa kwa majina ya katalogi za nje wakati baadhi yao walifanyiwa utafiti kilomita mia na ushee kutoka hapa.

Wageni waingie wengi kwa mara moja, kamwe si mmoja. Walishe wenyeji kwanza, hamisha mawe (isipokuwa ya Julidochromis), zima taa, ndipo uwafungulie. Chakula kitolewe kidogo kidogo katika pembe mbili au tatu, la sivyo mkubwa atalinda sehemu moja na kula peke yake. Unga wa sambaza ni mzuri kwa Julidochromis na Cyprichromis. Kwa Tropheus ni hatari: utumbo wake ni mrefu, wa mla mwani, na vyakula vya nyama vinamvimbisha tumbo hadi afe. Mpe lengalenga (mchicha) iliyochovywa katika maji ya moto, na vidonge vya mwani ukivipata.

Atabaki mmoja ambaye hakuna mawe wala mpangilio utakaomfaa. Wapo. Mpe mfugaji mwenye tangi kubwa, au rafiki anayetaka samaki mmoja tu wa kutazama. Dume mkali akiwa peke yake ni mzuri sana na anamjua anayemlisha. Asitupwe ziwani pale Muhumba kwa huruma. Kivu ilikuwa na samaki wake, pamoja na sikilidi wadogo wasiopatikana kwingine, kabla sambaza hajaletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwanzoni mwa karne hii mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ameonekana humo naye. Akikosa wa kumchukua, mwandalie ndoo yake ya kudumu: lita 60, kichujio cha sifongo, chungu kimoja, na mfuniko wenye uzito.